Kompyuta ya nyumbani na ya ofisi ndogo: namna ya kuzuia kazi isipotee

Katika ofisi nyingi ndogo za ukanda wetu, kompyuta moja hubeba mambo ambayo zamani yalijaza kabati zima: daftari la wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, alama za wanafunzi, orodha ya madeni ya duka, barua za kanisa au za msikiti, picha za harusi na za mazishi. Kabati likishika moto, majirani huona moshi na kupiga kelele. Diski ya kompyuta hufa kimya. Asubuhi moja mwenyewe hubonyeza kitufe cha kuwashia, na kazi ya miaka sita haipatikani tena.

Makala hii imekusanya mambo ambayo mtumiaji asiye fundi anaweza kuyafanya mwenyewe ili kujikinga na hasara ya namna hiyo. Maelezo yanahusu zaidi kompyuta zenye mfumo wa Windows, kwa kuwa ndizo zilizo nyingi mezani mwa wasikilizaji wetu. Kuhusu istilahi, Kiswahili bado kina majina zaidi ya moja kwa kitu kimoja: wako wanaosema tarakilishi, wako wanaosema kompyuta, wengine husema nenosiri, wengine nywila. Hapa tumeshika kompyuta na nywila, na kile kijiti cha kubebea mafaili tumekiita flashi, kama kinavyoitwa dukani.

Umeme na kazi isiyohifadhiwa

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea mambo. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, na hapo ndipo barua inapokaa wakati inaandikwa. Kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme. Umeme ukikatika, yaliyomo hufutika mara moja. Pa pili ni diski, ambayo hushika maandishi hata kompyuta ikizimwa mwaka mzima. Kuhifadhi ni kutoa kazi mahali pa kwanza na kuiandika mahali pa pili. Ndiyo maana mwandishi aliyechapa kurasa nne bila kuhifadhi hana hata neno moja lililoandikwa popote, ijapokuwa anaziona kurasa zake kwenye skrini.

Njia ya haraka ni kubonyeza Ctrl pamoja na herufi S. Mikono huizoea baada ya wiki moja, na huanza kuifanya yenyewe kila mwisho wa aya. Lililo muhimu zaidi ni kulipa faili jina na kulihifadhi kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kwa sababu hati isiyo na jina ndiyo ngumu kuliko zote kuiokoa baada ya ajali.

Programu ya Word, na vilevile Excel, hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, isipokuwa mtumiaji akibadilisha muda huo. Katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, dakika 10 ni nyingi. Muda huo unaweza kushushwa hadi dakika 2 au 3 katika sehemu ya mipangilio ya kuhifadhi. Umeme unaporudi na programu ikafunguliwa, pembeni mwa skrini hujitokeza orodha ya hati zilizookolewa. Watu wengi, kwa haraka ya kurudi kazini, huifunga orodha hiyo bila kuisoma, na hapo huipoteza kazi iliyokuwa imenusurika. Fungua kila hati iliyoorodheshwa, itazame, kisha uihifadhi kwa jina jipya.

Kompyuta ya mapajani ina betri yake, na hiyo peke yake ni kinga kubwa. Kompyuta ya mezani inahitaji kifaa kinachoitwa UPS. Wapo wanaokilaumu kifaa hiki kwa kuwa hakidumu zaidi ya dakika chache baada ya umeme kukatika, lakini hiyo ndiyo kazi kilichoundiwa: kukupa nafasi ya kuhifadhi na kuizima kompyuta kwa utaratibu. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Printa hiyo huyeyusha wino wa unga kwa joto, na kila inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, jambo linaloweza kukizidi nguvu kifaa chenyewe. Pia chomoa kompyuta ukutani umeme unapokatika, usubiri kidogo baada ya kurudi, kwa kuwa wakati wa kurudi ndipo umeme hupanda na kushuka kwa namna inayounguza vifaa.

Flashi, rafiki asiyeaminika

Hakuna kifaa kinachopendwa kama flashi, na kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna kinachoaminiwa kupita kiasi kama hicho. Flashi ni chombo cha kusafirishia. Hudondoka mfukoni, hufuliwa pamoja na suruali, huazimwa na jamaa na isirudi. Mtu anayeweka hesabu za mwaka mzima kwenye flashi peke yake, bila nakala nyingine, anazibeba kwenye ganda la yai.

Tatizo linalojulikana zaidi ni la virusi. Mtu anayekwenda Nasser Road mjini Kampala kuchapisha kadi za mwaliko, au duka lolote la uchapaji katika mji wake, huchomeka flashi kwenye kompyuta ambayo siku hiyo imekwisha kupokea flashi za wateja kadhaa. Mmoja akiwa na kirusi, wote wanaofuata wanaweza kuondoka nacho. Zamani Windows ilikuwa ikiendesha yenyewe programu iliyokuwamo kwenye flashi mara tu inapochomekwa. Mnamo Februari 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuizuia tabia hiyo katika matoleo ya zamani. Tangu hapo kirusi cha flashi huhitaji mkono wa mtumiaji, na njia yake ni hila. Huyaficha mafaili ya kweli, kisha huweka mahali pake alama zenye majina yale yale na mshale mdogo pembeni. Mwenye flashi huibofya alama akidhani ni barua yake, na kwa kubofya huko hukiamsha kirusi.

Ukiona folda zako zote zimegeuka kuwa alama za mshale, usibofye chochote, wala usikubali ushauri wa kuisafisha flashi yote kwa kuiumba upya. Mara nyingi mafaili yako bado yamo, yamefichwa tu. Ipeleke kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, uichunguze kwanza na kuondoa kirusi. Baada ya hapo fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha andika amri ifuatayo na kubonyeza Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi E ibadilishwe kwa herufi ambayo kompyuta yako imeipa flashi hiyo. Amri hii haifuti kitu. Huondoa alama za kufichwa, na mafaili huonekana tena. Zile alama za mshale ndizo za kufutwa. Kumbuka kwamba iwapo kirusi kiko kwenye kompyuta ya ofisini, kuisafisha flashi pekee ni kazi bure, maana itaambukizwa tena itakaporudi mezani.

Kwa safari za kuchapisha, iwe na flashi moja isiyo na kitu kingine ila nakala ya hati inayochapishwa, na hati hiyo iwe katika muundo wa PDF. Muundo huu una faida ya pili: hubaki jinsi ulivyopangwa. Hati ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na mwandiko uliotumia, herufi hubadilika, jedwali husogea, na kadi ya harusi hutoka na jina la bwana harusi likiwa kwenye mstari usio wake.

Msomaji atambue hila nyingine, safari hii kwa wafichaji wa mafaili walio kwenye barua pepe. Windows, isipoelekezwa vinginevyo, huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha aina yake. Faili linaloitwa picha.jpg.exe litaonekana kama picha.jpg, na mtu ataliona ni picha kumbe ni programu. Katika dirisha la mafaili, penye neno View, kuna nafasi ya kuamuru herufi hizo zionyeshwe. Ifanye leo.

Kuna pia flashi bandia. Ukiuziwa barabarani flashi inayodai kubeba terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana, fahamu kwamba kiini chake kimepangwa ili kidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mafaili ya mwanzo hukaa vizuri. Yale yanayozidi nafasi ya kweli huharibika au huandikwa juu ya mengine, na kompyuta haitoi onyo. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza flashi tupu na kuisoma tena ili kuhakiki ukubwa wake. Itumie kabla ya kuweka kitu cha maana.

Na ikiwa flashi halisi yenye nafasi tele inakataa kupokea video ndefu ya harusi, sababu kwa kawaida ni kwamba imepangwa kwa mfumo wa FAT32, usiokubali faili moja lifike gigabaiti 4. Hamisha yaliyomo kwanza, kisha iumbe upya kwa mfumo wa exFAT, na video itaingia.

Nakala ya akiba

Mwaka 1998, studio ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2 pale mtu mmoja alipotoa amri ya kufuta kwenye kompyuta zilizokuwa na mafaili ya filamu hiyo. Wahusika wakaanza kutoweka mbele ya macho ya wafanyakazi. Studio ilikuwa na utaratibu wa nakala za akiba, lakini walipoziendea walikuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa amejifungua na kwa hiyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani ili aweze kufanya kazi huku akilea. Kompyuta hiyo ilifuatwa kwa gari na kurudishwa kwa uangalifu mkubwa.

Ofisi yenye watu watatu haina tofauti na studio hiyo katika jambo moja: nakala isiyojaribiwa haihesabiki. Kila baada ya miezi michache, chukua faili moja kutoka kwenye nakala ya akiba, lifungue kwenye kompyuta nyingine, uone kama linasomeka.

Kanuni inayotajwa zaidi na wataalamu, na ambayo mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye anayehesabiwa kuwa aliieneza, ni ya tatu, mbili, moja. Kuwe na nakala tatu za kila kitu cha maana, pamoja na ile unayoifanyia kazi. Ziwe kwenye vyombo vya aina mbili. Na moja iwe mbali na jengo lenyewe. Kwa duka au shule ndogo, hii yaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje inayofungiwa kabatini, na nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Pale ambapo intaneti ni ghali, nakala ya tatu yaweza kuwa diski ya pili inayolala nyumbani kwa mweka hazina na kubadilishwa kila Ijumaa. Nakala iliyo katika droo ya meza ile ile haisaidii wezi wanapochukua meza nzima.

Kuna sababu ya kuichomoa diski ya nje kila mara baada ya kumaliza kunakili. Tarehe 12 Mei 2017, programu ya utekaji iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili kwa msimbo na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Hospitali za Uingereza ni miongoni mwa zilizoathirika. Programu za namna hiyo hufunga kila diski zinayoikuta imeunganishwa. Diski iliyo kabatini haziifikii. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi mwaka ule ule, karibu miezi miwili kabla. Kwa hiyo yule anayeahirisha masasisho kila siku kwa kuwa yanakula bando anastahili kufikiri mara mbili. Heri apunguze video.

Hifadhi za mtandaoni nazo zina tabia zake. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na OneDrive ya Microsoft gigabaiti 5. Nafasi hiyo yatosha kwa barua na hesabu, haitoshi kwa video. Lakini hifadhi iliyounganishwa na kompyuta hufuata kila unachofanya: ukifuta faili mezani, hufutwa na kule. Kwenye Google Drive faili lililofutwa hukaa katika pipa la taka kwa siku 30, kisha huondolewa kabisa. Akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 nayo yaweza kufutwa pamoja na yaliyomo, jambo ambalo familia zinazohifadhi picha katika akaunti ya marehemu zinapaswa kulijua.

Ukifuta kwa makosa

Jambo la kwanza ni Ctrl pamoja na Z, ambayo hurudisha kitendo cha mwisho, si katika maandishi tu bali hata katika dirisha la mafaili. La pili ni pipa la taka. Faili lililofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida halipiti kwenye pipa hilo, wala lile lililofutwa kwa kubonyeza Shift pamoja na Delete.

Hata hapo si mwisho. Kompyuta inapofuta, kwa kawaida huondoa jina tu katika orodha na kuiandika nafasi hiyo kuwa huru. Maandishi yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Acha kuitumia diski hiyo papo hapo, usiweke humo programu ya kuokolea, bali ichomeke kwenye kompyuta nyingine na kuifanyia kazi huko. Diski za kisasa aina ya SSD ni tofauti: huzisafisha nafasi zilizoachwa ndani ya muda mfupi, na matumaini huwa madogo.

Mengine kwa ufupi

Majina ya mafaili yanayoitwa "barua mpya", "barua mpya kabisa" na "barua ya mwisho 2" humchosha hata aliyeyaandika. Weka tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama vile 2025-03-14 stakabadhi za kodi. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati.

Nywila ndefu ni bora kuliko fupi yenye alama za ajabu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2017 na kuacha kupendekeza kwamba watu walazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani, kwa kuwa hali hiyo huwafanya waongeze tarakimu moja tu mwishoni. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyochaguliwa bila mpango, ni rahisi kukumbuka na magumu kukisia. Usichukue methali. Na nywila ya barua pepe isitumike mahali pengine popote, maana anayeishika barua pepe huweza kuomba kubadilishiwa nywila za huduma nyingine zote.

Kompyuta ikiwa nzito, iwashe upya kabla ya kumwita fundi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tangu toleo la 8, Windows inapozimwa kwa njia ya kawaida mara nyingi huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka, na kwa hiyo kasoro nyingine huamka nayo. Amri ya kuwasha upya ndiyo inayoanza kila kitu mwanzo. Ikibaki nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Nyingi hazina haja ya kuwamo. Na kompyuta ya mapajani isiwekwe juu ya godoro, kwa sababu matundu yake ya hewa huzibwa.

Windows 10

Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zenye mfumo huo haziachi kufanya kazi. Zinachokosa ni marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa walioandikishwa katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani ulipangiwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 hudai kompyuta iwe na kiini cha usalama cha TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na kompyuta nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka nje hazitimizi sharti la kwanza. Kabla ya kununua iliyotumika, mwulize muuzaji akuonyeshe toleo la Windows lililomo na iwapo inakubali la 11.

Aliye na kompyuta nzuri isiyokubaliwa anaweza kuweka mfumo wa Linux, kama vile Linux Mint, usiolipiwa, pamoja na LibreOffice kwa ajili ya barua na hesabu. Kazi ya kuzifanya programu za namna hii zizungumze Kiswahili si ngeni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ina kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Windows. Ikiwa ofisi yako hutegemea programu maalumu ya hesabu au ya benki, hakikisha kwanza kwamba inafanya kazi kwenye Linux. Mfumo huo unaweza kujaribiwa ukiwa kwenye flashi, bila kugusa diski ya kompyuta. Ukiamua kuuweka moja kwa moja, nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya nje, uichomoe, ndipo uanze.